Mama Alisema Laini

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Eliewaha, na nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikisikiliza wasifu wake huku damu ikinichemka. Aliyeusoma ni mjukuu wake, mtoto wa watu, hana kosa, alisoma alichoandikiwa. Alisoma kwamba marehemu alikuwa mwenyekiti wetu kwa miaka mingi, kwamba alisimamia uchimbaji wa barabara, na kwamba ndiye aliyeleta gari la kwanza katika kitongoji chetu, huku juu ya Bombo, "gari ambalo akina mama wenyewe walilichagua." Watu wakaguna kwa kuridhika, vile watu wanavyoguna msibani wakisikia jambo zuri. Mimi nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nakunda, ambaye nimekua naye na anazijua hasira zangu tangu tukiwa wasichana, alinishika kanga akanivuta chini, akaninong'oneza kwamba nimwonee huruma mjane. Nikakaa. Tangu siku ile kila nikiikumbuka ile sentensi nasikia mikono inataka kurusha kitu. Kwa hiyo naandika. Mjane ana haki ya kufarijiwa, lakini mama yangu naye alikuwa na haki zake, na siku tulipomzika yeye hakuna aliyesimama chini ya turubai akaeleza gari lile lilichaguliwaje.

Sitaeleza nilifikaje Same wala kwa nini nilikuwa naishi kwa shangazi. Hayo ni ya nyumbani. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa msichana aliyekwisha maliza shule, naosha sahani katika hoteli ya shangazi Namsifu, si mbali na stendi. Tuliita hoteli, lakini kilikuwa chumba kimoja chenye meza za mbao zilizotandikwa nailoni ya maua, na nyuma yake jiko la mkaa, na kati ya chumba na jiko ukuta wa mbao nyembamba ambao shangazi aliupaka rangi ya bluu ili ufanane na kuta nyingine. Haukufanana. Ulipitisha kila kitu: moshi wetu ulikwenda kwa wateja na maneno ya wateja yalikuja kwetu. Upepo wa Same uliingia bila hodi na vumbi lake jekundu, kwa hiyo sufuria la makande tulilifunika kwa sinia na juu ya sinia tukaweka jiwe. Makande ya shangazi yalikuwa na sifa mpaka Mwanga. Madereva walikuwa wakipita hoteli nne za maana waje kuyala kwetu, wakitoka jasho, wakilalamika joto na kuomba waongezewe. Nililala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya mahindi na maharage, na habari za wilaya nzima nilizijua bila kumuuliza mtu.

Huko juu kwetu, mwaka ule, habari ilikuwa moja tu: gari. Kitongoji chetu kiko bondeni nyuma ya kilima, na hilo ni lazima mtu alielewe, maana ndiyo kesi yenyewe. Ukitaka kushuka tambarare, kwanza unapanda. Tangawizi yote iliyolimwa bondeni ilipandishwa kile kilima kichwani, na waliokuwa na vichwa vya kupandishia walikuwa wanawake. Kule ng'ambo ya kilima ndiko lilikofika lori la mnunuzi. Kisha akina mama wakaanzisha kikundi, wakalima shamba la pamoja, wakaweka akiba mavuno baada ya mavuno kwa ajili ya pikapu yao wenyewe. Barabara ya kuipandisha ilichimbwa kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya Upareni: pembe inalia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe lake, na asiyetokea analipa faini. Wanaume walitokea, siwanyimi haki yao. Lakini wanaume wengi walikuwa wameshuka kutafuta kazi kwenye mkonge na mijini, na nyumba nyingi mtu wa kutoka alikuwa mama. Mama yangu alichimba ile barabara kuanzia jiwe la kwanza. Alikuwa na shingo iliyokwisha pinda kidogo upande wa kushoto, na jioni alikuwa akijikanda kwa mafuta ya moto. Alitaka kitu kimoja tu maishani, na alikuwa akikisema waziwazi, bila aibu, kwa yeyote aliyemsikiliza: alitaka kutua. Alisema, gari likija, natua huu mzigo na siubebi tena mpaka kaburini.

Sasa, kikundi kilikuwa cha akina mama, lakini mwenyekiti alikuwa Mzee Eliewaha. Usiniulize ilikuwaje. Ilikuwa hivyo kwa sababu yeye alikuwa mwenyekiti wa kila kitu: barabara, mifereji, kamati ya shule, na pengine kama kuku wangekuwa na kamati angewaongoza na kuku. Alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye sauti nzuri ya kuomba kanisani, na wakati ule alikuwa amechaguliwa kuhudhuria vikao vya wilaya pale Same. Alitangaza kwamba yeye na katibu wake watashuka kununua gari. Akina mama wakasema hapana, na mwanamke mmoja aende. Walimchagua mama. Alishuka akiwa amevaa gauni lake la Jumapili na viatu vya kukopa, amechoka kwa safari na amefurahi mpaka nikaona haya kumtazama, kwa maana sikuzoea kumwona na furaha ya kitoto namna ile.

Muuzaji alikuwa Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa siku nyingi mjini, mwenye uwanja uliozungushiwa bati karibu na hoteli yetu. Alikuwa na pikapu mbili nyeupe, zimesimama bega kwa bega, na mtu asiyejua angesema ni mapacha. Moja aliiita ya kawaida, nyingine ya kazi nzito. Niliziona kila siku nikienda kumwaga maji machafu. Ukichungulia chini kwa nyuma ndipo ungeona tofauti: ile ya kawaida ilikuwa na springi chache nyembamba, na ya kazi nzito ilikuwa na springi nene zilizopangwa nyingi juu ya nyingine, na hata chuma kinachoshika magurudumu kilikuwa kinene zaidi. Mzee Rajabu hakuwaficha kitu. Aliwaeleza taratibu, shangazi akiwa pale pale na sinia la chai, kwamba ile nzito ikiwa tupu inarusha watu, lakini ikipakiwa inatulia, na kwamba ile ya kawaida ni kinyume chake. Aliwaambia, kwa milima yenu, wazee wangu, mimi ningechukua hii. Ilikuwa ghali zaidi, lakini akiba ya akina mama ilitosha, na hilo kila mtu alilijua.

Wakaamua kuzijaribu. Wakazijaribu zikiwa tupu, na wakazijaribu kwenye lami. Hebu fikiria. Watu wametoka kwenye barabara ya mawe ambayo wameichimba kwa mikono, wanakwenda kujaribu gari la kubebea magunia ya tangawizi, na wanalijaribu kwa kuzunguka mjini Same bila hata kikapu cha nyanya nyuma. Mama akaomba akae nyuma. Alisema, mimi na wenzangu huko ndiko tutakakokaa, niacheni nikajaribu huko huko. Mwenyekiti akacheka kwa upole, akasema haiwezekani mama mtu mzima arushwerushwe nyuma ya gari mbele ya maduka, watu watatucheka, wewe ni mgeni wetu, kaa mbele. Katibu ndiye aliyepanda nyuma, akasimama ameshika bomba, anapunga mkono kwa watu asiowajua. Mama akawekwa katikati, kati ya dereva wa Mzee Rajabu na mwenyekiti. Walianza na ile ya kazi nzito, wakarudi mwenyekiti akiwa ameshika kiuno. Kisha wakapanda ile ya kawaida. Iliporudi uwanjani nilikuwa nimesimama na ndoo yangu kwenye mwanya wa bati, na nilisikia kwa masikio yangu. Mwenyekiti aliuliza kwa sauti, mbele ya Mzee Rajabu na katibu na watu waliokuwa wamesimama kutazama, akimwita kwa jina langu mimi mwanawe, "Mama Naetwe, unalionaje?"

Na mama akasema, "Laini."

Ni nani kwetu angejibu vingine? Mtu amekuketisha pahali pa heshima, kwenye kiti cha sponji ambacho hujawahi kukikalia maisha yako yote, amekuzungusha mjini na kukuita mgeni, kisha anakuuliza mbele za watu. Unasema jambo jema kwanza. Ubaya unausema baadaye, mkishakula, mkiwa peke yenu, kwa kuuzungusha. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na Mzee Eliewaha alilelewa hivyo hivyo, katika nyumba zile zile. Alijua neno lile lilikuwa shukrani. Ndiyo maana sijamsamehe. Angekuwa mtu wa kuja, ningesema hakuelewa.

Walikuja kula kwetu. Mwenyekiti akamwambia mama apite jikoni akasalimiane na wifi yake, na mama akapita, kwa sababu kweli alitaka kumsalimia. Kwa hiyo tulikuwa watatu nyuma ya ukuta wa bluu: shangazi anapakua, mimi nakanda unga wa chapati, mama amekaa kwenye kigoda na bakuli la makande magotini, anamsimulia wifi yake kwamba wakishakula atamwomba mwenyekiti wachukue lile la kazi nzito, maana ndilo aliloshauri Mzee Rajabu. Upande wa pili vijiko viligonga sahani. Tukamsikia Mzee Rajabu anauliza kama wameamua. Mwenyekiti akasema wameamua, wanachukua la kawaida. Mzee Rajabu akauliza kile kilima kitapandwaje na mzigo. Mwenyekiti akasema yeye ana vikao, atakuwa anashuka na kupanda kila mara, na mgongo wake hauwezi kuruka kama mbuzi. Mzee Rajabu akauliza tena, sasa pale kilimani je?

"Pale akina mama watashuka," mwenyekiti akasema. "Watapandisha mzigo juu, wapakie tena. Wamezoea."

Shangazi alibaki ameinua upawa. Mama aliweka bakuli sakafuni, akafunga kanga vizuri kiunoni, akazunguka ukuta akatokea mbele yao. Nilimfuata na unga mikononi. Alimwambia wazi kwamba amesikia, na kwamba akina mama hawakulima shamba miaka yote ile wakanunue gari la kushukia. Mwenyekiti alimfuta kinywa kwanza, nina maana alijifuta kinywa chake, lakini ilikuwa kama anamfuta mama. Akasema kwa ile sauti yake ya maombi, "Mama Naetwe, si wewe mwenyewe umesema ni laini? Katibu amesikia. Mzee Rajabu amesikia."

"Umeniuliza kiti, mwenyekiti," mama akasema. "Gari hukuniuliza."

Katibu akacheka. Alicheka kwa dhati, akapigapiga meza, akasema akina mama kwa maneno bwana, na mwenyekiti naye akatabasamu na kuomba aongezewe makande. Shangazi hakumwongezea. Alisema yamekwisha, na sufuria lilikuwa limejaa nusu, jiwe likiwa juu yake. Huo ndio ushindi pekee tulioupata siku ile, na mpaka leo nikiukumbuka nafurahi. Lakini karatasi zilitiwa saini mchana ule ule na waliotakiwa kutia saini, yaani mwenyekiti na katibu, na pikapu laini ikapanda mlima na riboni nyekundu kwenye vioo.

Neno lile, wamezoea, nimekutana nalo mara nyingi tangu wakati huo. Nimelisikia kwenye kikao cha maji, tulipouliza kwa nini bomba limeishia nyumbani kwa fulani na kina mama wa ng'ambo waende mtoni. Nimelisikia kwa daktari mmoja kijana alipoulizwa kwa nini wajawazito wamesimama kwenye foleni. Halisemwi kwa ukali hata siku moja. Linasemwa kwa huruma fulani ya uongo, kana kwamba msemaji anawasifu. Na kila nikilisikia nanusa makande na mkaa, na nasikia vijiko vya wanaume wanaokula bila wasiwasi upande wa pili wa ubao.

Mwaka ule nilipanda nyumbani mara nyingi kumpelekea mama dawa ya shingo, kwa hiyo niliyaona mwenyewe. Mchungaji alilibariki gari, watoto wakaligusa, Yoeli, kijana mmoja wa kwetu, akawa dereva. Soko la kwanza, likapakiwa tangawizi na akina mama wakakaa juu ya magunia wakiimba. Walipofika chini ya kilima springi zilikuwa zimelala kabisa, bodi inakwaruza matairi, na kila Yoeli akikanyaga mafuta gari linarudi nyuma. Mwenyekiti akatoa kichwa dirishani akasema, "Shukeni." Wakashuka. Wakapakua. Wakajitwika magunia wakapanda kilima kwa miguu, na gari likapanda tupu, jepesi, kwa raha, mwenyekiti akiwa amekaa mbele mkono nje ya dirisha. Juu wakapakia tena. Soko la pili vivyo hivyo. Ikawa ndiyo desturi, hata pakapata jina, Shukeni, na leo watoto wadogo wanapaita hivyo bila kujua kwamba lilikuwa neno la mtu mmoja akitoa kichwa dirishani. Halafu wengine walipoanza kunung'unika, akafanya jambo ambalo mimi nadhani ni baya kuliko lile la kununua gari. Alitangaza kanisani kwamba kushuka pale ni msaragambo, na asiyeshuka atatozwa faini kama mtu aliyekimbia msaragambo. Akachukua neno letu la kusaidiana, neno ambalo watu walilitolea jasho kwa moyo, akalifanya kamba ya kuwafungia.

Na hasira za akina mama zikaenda wapi? Zikaenda kwa mama. Ndivyo ilivyo kwetu sote, mtu wa juu hafikiki, wa jirani anafikika. Katibu alikuwa amekwisha eneza kwamba mjumbe wao mwenyewe alilijaribu gari akasema ni laini, na ilikuwa kweli, alisema. Mama alipojaribu kueleza habari ya kiti na gari, wakamsikiliza kwa nyuso za watu wanaosikiliza kisingizio. Wakampa jina. Mama Laini. Mwanzoni lilikuwa la utani, pale Shukeni, mtu akijitwika gunia anamwambia mwenzake mwite Mama Laini anitwike. Baadaye utani ukaisha na jina likabaki. Hata Nakunda alimwita hivyo, na nilimchapa kofi, ndiyo maana anazijua hasira zangu. Niliingia jikoni kwetu jioni moja nikamkuta mama amekaa karibu na moto, anakanda shingo, na chungu cha kishumba, chakula chetu cha jioni, kimeungua mbele yake bila yeye kunusa. Nikamwambia mama, njoo ukae Same kwa wifi yako. Akasema hawezi kuondoka akiwa na jina hilo. Akiondoka, alisema, litabaki hapa peke yake, na hakuna atakayelibishia.

Lilibishiwa siku moja ya soko, baada ya mvua za vuli, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa narudi Same. Tulikuwa juu ya magunia, wanawake kama kumi, asubuhi ya ukungu, na matope. Tukafika pale. Mwenyekiti akatoa kichwa, akasema neno lake. Wanawake wakaanza kushuka, wakiitana, wakifunga kata za kanga za kuwekea mizigo kichwani. Mama hakusogea. Yoeli akadhani hajasikia, akamwita. Mwenyekiti akashuka mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya pale, akazunguka nyuma akamwambia kwa upole kwamba watu wanachelewa soko.

"Sishuki," mama akasema.

Akamkumbusha faini. Mama akasema atalipa, lakini hashuki. Akamwambia aone aibu, wenzake wote wako chini. Mama akamtazama kutoka juu ya magunia, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama kutoka juu. Alisema kwamba yeye alishazoea kubeba, ni kweli, na sasa anataka kuzoea kupanda gari, na kama gari ni laini, basi limpandishe kwa ulaini wake. Akamwambia mwenyekiti abebe yeye gunia moja, mgongo wake umepumzika vya kutosha. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikufanya lolote, nilibaki nimekaa pembeni yake. Kisha mama mmoja mzee ambaye hakuwahi kumtetea mtu akakanyaga gurudumu akapanda tena. Akafuata mwingine. Walirudi tu kwenye magunia yao mmoja mmoja na kata zao mikononi, mpaka gari likajaa. Nakunda naye alipanda. Mwenyekiti alisimama kwenye matope na viatu vyake vya kikao. Halafu akapandwa na kiburi, akamwambia Yoeli, haya, twende hivyo hivyo, wapate kuona. Akaingia mbele, akafunga mlango kwa nguvu. Yoeli akasema halitapanda. Akaambiwa aendeshe. Gari likanguruma, likapanda kidogo, likatikisika, na chini yetu kikalia kitu kama mti unaovunjika. Springi ya nyuma ilikatika, tukalala upande, magunia yakabingirika mpaka mferejini. Hakuna aliyeumia. Tulishuka hapo, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa.

Kikao kilifanyika ofisi ya kijiji, ndani ya wiki ile. Nilikaa dirishani nje. Sikuwahi kuona watu wakigeuka haraka vile. Wale wale waliorudi kupanda walikaa kwenye mabenchi wakitazama vidole vya miguu. Mwenyekiti alisema ana huzuni kubwa. Alisema kwamba mwanachama aliyelichagua gari ndiye huyo huyo aliyelivunja, na akauliza kwa upole kama mtu wa namna hiyo anaweza kuendelea kuaminiwa na mali ya wenzake. Hakuna aliyejibu, na kutojibu kukahesabiwa kuwa wamekubali. Mama akatolewa katika kikundi. Shamba la pamoja alilolima, barabara aliyochimba, gari lenyewe, vyote vikawa vya wengine. Alinyanyuka, akasema asanteni, akatoka. Nilimtukana mwenyekiti njia nzima kwa niaba yake, na alininyamazisha mara moja tu, tulipopita karibu na kanisa.

Na sasa ngoja niseme linalonikera kuliko yote. Gari lilikokotwa mpaka Mwanga, kwa fundi, na fundi akaongeza springi. Akaweka nene, nyingi, juu ya zile laini, akabadilisha na chuma cha nyuma, mpaka likawa karibu sawa na lile la kazi nzito walilolikataa. Likarudi. Likapakiwa magunia na wanawake juu yake, likapanda Shukeni bila mtu kushuka. Likiwa tupu lilirusha, kama alivyosema Mzee Rajabu, na mwenyekiti akaacha kulipanda, akawa anakwenda vikaoni kwa basi kutoka Bombo. Akina mama walikuwa wamekwisha pata gari lao. Walilipata kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kushuka, na huyo ndiye pekee ambaye hakuruhusiwa kulipanda. Baadaye, miaka ikipita, walimwambia Mama Laini, panda bwana, yamekwisha. Hakupanda. Alipandisha tangawizi yake kichwani, pembeni ya barabara aliyoichimba, na gari likimpita alikuwa akisogea kwenye majani kulipisha. Hakutua. Aliingia kaburini na shingo imepinda, na siku hiyo mtu mmoja, tena kwa nia njema, akimsifu kwa upole wake, akamtaja kwa lile jina.

Naambiwa niache, ni mambo ya zamani, gari lenyewe lilikwisha kuwa chuma chakavu na mwenyekiti sasa ni udongo. Siku ya mazishi yake jeneza lilipandishwa kutoka Same kwa pikapu ya kazi nzito. Siku hizi hakuna anayethubutu kupandisha nyingine huku, na vijana wakinunua wanachungulia chini kwanza, wanahesabu springi, kisha ndipo wanatazama viti. Nililitazama jeneza likishushwa nikajisemea, mzee, leo gari la kazi nzito limekurusha. Sijivunii kusema hivyo juu ya maiti. Lakini nilisema, na nikajisikia nafuu mpaka wasifu uliposomwa.

Jioni yake nilipanda pikapu hiyo hiyo kurudi Same. Dereva, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo akanifungulia mlango wa mbele, akasema bibi kaa hapa, nyuma kunarusha. Kiti kilikuwa kigumu, na nilikipenda. Nyuma walijaa wanawake, Nakunda mmoja wao, na mizigo ya watu waliofungiwa ndizi na tangawizi na wenyeji wao. Tukafika chini ya kilima. Dereva akapunguza mwendo, maana sasa pale ni kituo, kuna kibanda cha soda. Akatoa kichwa dirishani, akaita jina la kituo kama anavyoita kila siku, "Shukeni! Shukeni hapo!" Kisha akanigeukia mimi, kwa heshima, akaniuliza kama nashuka.

"Sishuki," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyostahili. Kule nyuma nikamsikia Nakunda, na umri wake ule, anagonga bati la gari kwa kiganja na kusema naye hashuki. Dereva alishangaa, akasema haya, bibi zangu, hakuna aliyewalazimisha. Akaingiza gia, na gari likapanda kilima na sisi wote ndani.